Ganda Lililosimama Limeshiba

Koba alikuwa mwanamke mwenye ugonjwa mmoja ambao madaktari wote wa Mossel Bay walishindwa kuutibu: hakuweza kuona kitu kimekaa vibaya akakiacha. Alipokuja mji mdogo wa Lindley kumtembelea dada yake Drieka, siku ya kwanza alipanga vijiko, siku ya pili akapanga kabati la mashuka, na siku ya tatu akampanga mbwa, yaani alimhamishia mlango wa nyuma, na mbwa mwenyewe akakubali. Fanie, mume wa Drieka, alivumilia yote hayo. Shemeji ni shemeji, na wawili hao walikuwa wanataniana tangu siku ya harusi. Isitoshe, Fanie alikuwa na banda lake, na bandani hakuna mwanamke aliyewahi kumpangia kitu.

Banda lenyewe lilikuwa nyuma ya gereji. Lilikuwa na dirisha moja, meza moja ya mbao nzito, na juu ya meza mashine ya mkono ya kushindilia risasi, imekazwa kwa bolti kama vile kuna mtu angeiiba. Macho ya Fanie yalikuwa yamekwisha kwa shabaha, na moyo wake ulikuwa umetiwa kibomba kidogo cha kupitisha damu hospitalini mwaka uliopita, kwa hiyo yeye hakulenga tena. Aliyelenga ni Drieka. Mwanamke huyo alikuwa bibi wa wajukuu, mfupi, mwenye miwani ya kamba shingoni, lakini akishika rivolva yake wanaume wa klabu ya kulenga shabaha walianza kuzungumzia hali ya hewa. Risasi zote alizopiga zilishindiliwa na mumewe. Za dukani hakuzigusa. Alisema zina ladha ya kopo.

Kazi yenyewe si ngumu, ila haitaki mtu mwenye mawazo mengi. Unachukua maganda yaliyokwisha kupigwa, unayaosha, unayatia fataki mpya kitakoni, halafu baruti tumboni, halafu kichwa cha risasi mdomoni, unavuta mkono wa mashine, basi. Hatari iko kwenye baruti. Ganda la rivolva ya Drieka lilikuwa refu, na baruti yake ilikaa chini kabisa kama sukari iliyobaki kwenye kikombe. Ukilitia mara mbili halifuriki, na ukilisahau halikulaumu. Ndiyo maana Fanie alikuwa na sheria yake. Maganda yote aliyapanga kifudifudi kwenye ubao wa matundu. Alichukua moja, akalitia baruti, akalirudisha limesimama, mdomo juu. Lililolala kifudifudi ni tupu, lililosimama limeshiba. Na kabla ya kuweka vichwa alichukua tochi na kuchungulia kila ganda, moja baada ya jingine, akimulika tumbo lake kama daktari wa meno.

Hiyo tochi ndiyo iliyompa jina. Pale klabuni vijana walimwita Mjomba Chungulia, kwa sababu hakuna aliyeanza kushindilia risasi zake mwenyewe bila kukalishwa chini na kuhubiriwa. "Mkono unasahau," Fanie alikuwa akisema, "na kichwa kinasahau kuliko mkono. Chungulia!"

Basi Jumamosi hiyo asubuhi Drieka alikuwa ameshaondoka na gari dogo kwenda kwenye mashindano ya jimbo, kule kwenye machimbo ya zamani ya mawe, upande wa barabara ya Senekal. Fanie alibaki ili azibe tundu la uzio, maana jana yake alasiri kondoo wake walipita hapo wakaingia kwenye majani ya jirani. Kabla ya kushika koleo alikaa jikoni na shemeji yake, wakawa wanachovya biskuti ngumu kwenye kahawa.

"Shemeji," Koba akasema, "wewe ni mwanamume mchafu."

"Nilioga jana."

"Si mwili. Lile banda lako. Jana ulivyokimbilia kondoo nilikuja kukuita kahawa, sikukukuta. Nikaona vile vikombe vyako vya shaba, nusu vimesimama, nusu umevilaza kifudifudi kama watoto waliokosea. Nikasema huyu mtu hana hata haya! Nikavisimamisha vyote, safi, mstari mmoja. Hata asante sijapata."

Fanie alikuwa ameinua biskuti. Biskuti ikalowa, ikakatika, ikaanguka ndani ya kahawa, na yeye bado ameshika kipande kilichobaki.

"Ulivisimamisha," akasema.

"Vyote."

Akajaribu kuikumbuka jana. Alikuwa amefika kama katikati ya ubao, jirani alipopiga kelele uani. Akatoka mbio, akafukuza kondoo, akagombana na jirani, akarudi jasho linamtoka. Alikuta maganda yote yamesimama, akajiambia, kumbe nilimaliza. Na tochi ilikuwa imening'inia kwenye msumari wake, mbele ya pua yake. Kwa nini hakuichukua? Sababu aliijua vizuri, ila hakutaka kuitazama usoni wakati ule. Aliweka vichwa, akavuta mkono wa mashine, akapanga risasi kwenye kisanduku cha plastiki, akakitia kwenye mkoba wa mkewe kwa mikono yake mwenyewe.

"Shemeji? Mbona umekuwa mweupe?"

"Vaa viatu," Fanie akasema. "Vaa viatu twende."

Kwenye pikapu alimweleza, na alimweleza vibaya, maneno yakigongana. Ganda lisilo na baruti lina fataki tu, na fataki ina nguvu ya kukisukuma kichwa cha risasi hadi katikati ya mtutu, kikwame hapo. Mlengaji husikia "pu" badala ya "pa!" Akiwa kwenye duru ya haraka, kengele inamkimbiza, anavuta tena. Risasi ya pili inaikuta ya kwanza njiani. Hapo chuma kinapasuka, na chuma hicho kiko mkononi mwake, mbele ya uso wake. Fanie aliwahi kumwona jamaa mmoja aliyekutwa na hayo. Jamaa yule siku hizi hufungua chupa kwa meno.

Wakapita maghala ya mahindi.

"Nimemuua dada yangu," Koba akasema hatimaye.

"Hujamuua mtu."

"Nimemuua kwa usafi!"

"Koba, nyamaza, jaribu simu."

"Haipatikani."

"Kule machimboni hakuna mtandao. Jaribu tena."

"Sasa kama hakuna mtandao najaribu nini, shemeji? Kumsumbua yule mwanamke wa kwenye simu?"

Fanie aliendesha kama kijana mlevi. Barabara ile ilikuwa na mashimo ambayo mtu angeweza kufugia bata, na yeye aliyapita yote katikati. Hakumwomba Mungu kwa maneno marefu. Alisema tu, mikono yake, Bwana, macho yake, na akarudia hivyo kilomita baada ya kilomita, na kila aliporudia aliona wazi zaidi ile duru ya haraka, jinsi Drieka anavyokunja uso na kuvuta, kuvuta, kuvuta, bila kupumzika. Alikuwa maarufu kwa hilo. Hakuna aliyempita kwa kasi.

Walipopanda kilima cha mwisho wakakuta magari yamepanga foleni. Barabara ilikuwa inatengenezwa, upande mmoja umechimbwa, na upande uliobaki unapitisha magari kwa zamu. Mbele ya foleni alisimama mwanamke wa Kisotho mwenye koti la rangi ya machungwa na bendera nyekundu, ameketisha miwani ya jua juu ya kofia. Fanie akaipita foleni nzima kwa pembeni, huku watu wakimpigia honi na kumtakia mabaya, akasimama karibu kabisa na bendera.

"Baba," yule mwanamke akasema, wala hakushtuka, "foleni inaanzia kule nyuma."

"Dada yangu, nakuomba. Mke wangu yuko hatarini."

"Wanaume wote wanaofika hapa wake zao wako hatarini. Wiki iliyopita mmoja mkewe alijifungua mara mbili."

"Ni kweli safari hii!" Koba akachomoza kichwa dirishani. "Mimi ndiye niliyemuua!"

Mwenye bendera akashusha miwani, akamtazama Koba, akamtazama Fanie. Jina lake lilikuwa limeandikwa kifuani, Puleng. Uso wake ukabadilika kidogo, maana machozi ya Koba yalikuwa ya kweli na pua yake pia ilikuwa inatoa ushahidi.

"Baba, ningekupitisha, haki ya Mungu. Lakini wenzangu wa upande ule wameshafungua. Magari yanakuja. Ukiingia sasa mtakutana uso kwa uso hapo kwenye shimo, na hapo utakuwa umekufa wewe, na mkeo atabaki na kesi yako. Subiri yapite."

Fanie akazima injini. Hakukuwa na la kufanya. Magari ya upande wa pili yakaanza kutokea kwenye vumbi, lori la ng'ombe kwanza, linapanda polepole kama linaenda kwenye msiba wa mtu lisiyempenda. Akalichukia lile lori kuliko alivyowahi kuchukia kitu chochote duniani. Nyuma yake likaja trekta. Trekta! Akaweka paji la uso kwenye usukani. Mganga hajigangi, akajiambia. Umewahubiria watoto wa watu miaka yote hiyo, wewe mwenyewe tochi ikakushinda kushika.

"Shemeji," Koba akasema.

"Niache."

"Shemeji, lile si gari letu?"

Fanie akainua kichwa. Nyuma ya trekta, likijaribu kulipita pasipo na pa kupitia, likiwasha taa na kupiga honi mfululizo, lilikuwa gari dogo jeupe lenye mbonyeo kwenye bampa, mbonyeo aliouweka yeye mwenyewe kwenye geti la kanisa. Na nyuma ya usukani, kofia ya klabu kichwani, miwani imepinda, mikono yote miwili juu ya usukani, alikuwa Drieka.

Miguu yake ilitoka nje ya pikapu kabla ya akili yake. Akasimama katikati ya barabara akipunga mikono. Drieka akamwona, akafunga breki pale pale, kwenye njia ile moja, na magari yote ya nyuma yake yakasimama na kuanza kulia. Akashuka bila hata kufunga mlango. Wakakimbiliana wale wazee wawili, yeye na tumbo lake, mkewe na miwani ikirukaruka kifuani, na wote wawili wakasema neno lile lile kwa wakati mmoja.

"Uko mzima?"

"Mimi?" Fanie akasema.

"Wewe ndiyo! Moyo wako! Umeanguka? Nani anakuendesha? Mbona unakimbia, daktari si alikukataza kukimbia?" Drieka alikuwa anampapasa kifua kana kwamba amepoteza kitu humo anakitafuta. "Koba! Amekuwa hivi tangu lini?"

"Tangu kwenye kahawa," Koba akajibu akilia.

"Drieka. Mama. Ngoja. Zile risasi. Ulipiga zile risasi za kisanduku cha mwisho?"

"Si ndiyo zilizonirudisha!"

Akaeleza akiwa amemshika mumewe mikono yote ya shati. Alikuwa kwenye duru ya haraka, anaongoza, Attie msimamizi wa uwanja ameshaanza kumtania kwamba kombe litamzidi kimo. Akafungua kisanduku kipya. Risasi ya kwanza pa, ya pili pa, ya tatu pa, ya nne ikasema "pu." Akaweka bastola chini.

"Papo hapo?" Fanie akauliza.

"Papo hapo. Wenzangu wote bado wanapiga, mimi nimeinua mkono. Attie akaja, akafungua, akaona kichwa kimekwama kwenye mtutu. Akasema bahati mbaya, mama, fataki mbovu hiyo, nitakuazima bastola na risasi za dukani, duru yako utairudia. Nikamwambia Attie, wewe humjui Fanie. Risasi za Fanie hazisemi 'pu.' Tangu tuoane hazijasema 'pu' hata siku moja. Kama leo zimesema, basi Fanie ana kitu. Jana alikuwa anatweta. Nikajua ni moyo, mkono umemlegea, hata hajui anachofanya. Na simu haishiki. Nikatupa kila kitu kwenye buti la gari nikaja." Akavuta pumzi. "Attie anasema mwingine yeyote angevuta tena. Wamezoea risasi zao kukohoa. Mimi sijazoea."

Fanie alikuwa amejiandaa kwa damu, kwa gari la wagonjwa, kwa kuishi na hilo maisha yake yote. Hakuwa amejiandaa kwa hili. Mwanamke huyu alikuwa amepona kwa sababu moja tu, kwamba alimwamini kuliko alivyostahili. Furaha ilimjaa na aibu ikamjaa, zote mara moja, na hakujua ipi inamtoa machozi.

"Ni mimi, Drieka!" Koba akapasua katikati yao. "Mimi ndiye niliyevisimamisha vile vikombe! Vilikuwa kifudifudi, mimi nikaona uchafu. Nichapeni!"

"Usimsikilize," Fanie akasema. "Yeye alipanga vikombe. Mtu yeyote mwenye akili akiona kikombe kimelala atakisimamisha. Mimi ndiye sikuchungulia."

Drieka akamwachia shati.

"Hukuchungulia? Wewe?"

"Tochi ilikuwa pale kwenye msumari."

"Kwa nini, Fanie?"

Mwiba wa kujichoma hauambiwi pole, na Fanie alijua. Akatazama vidole vya viatu vyake.

"Raga ilikuwa inaanza kwenye televisheni."

Honi za nyuma zilikuwa zimenyamaza, maana wenye magari walikuwa wameshuka ili wasikie vizuri. Puleng naye alikuwa amesogea na bendera yake.

"Raga," Drieka akasema.

"Ndiyo."

"Ungenipasua uso kwa ajili ya raga."

"Ndiyo, mama." Akameza mate. "Na tulifungwa."

Drieka akavua kofia ya klabu, akampiga nayo begani, akampiga kifuani upande usio na moyo, akampiga tena begani, na kila pigo lilikuwa dhaifu kuliko lililotangulia, mpaka la mwisho likawa kuegemea tu. Akacheka. Fanie naye akacheka akimshikilia, na Koba, ambaye hakujua kama ameruhusiwa, akacheka na kamasi zake. Dereva wa trekta kule mbele akauliza kuna nini, mtu akamwambia, naye akasema kwamba kufungwa kule kweli kulikuwa kwa aibu.

"Mama," Puleng akasema kwa upole, "Mungu amewasaidia, nimeona mwenyewe. Lakini kama ni mapenzi, yafanyieni pembeni. Nina lori la mayai linaungua jua hapa."

Wakasogeza magari kwenye nyasi. Koba alikabidhiwa kile kisanduku akae nacho mapajani asikiguse, na alikaa nacho hivyo, mgongo umenyooka, kama aliyepewa mtoto wa mfalme. Bastola ilikuwa kwenye buti, imefunguliwa, tupu, na kipande cha risasi bado kimekaa kooni mwake. Fanie aliitazama, akafunga buti. Jioni wangekisukuma nje kwa fimbo ya shaba, na zile nyingine zote angezigongagonga na kuzipasua moja moja, zilizoshiba na zenye njaa, hata kama ingemchukua mpaka Jumatatu. Kombe lilikuwa limekwenda kwa mtu wa mji wa jirani, Bethlehem. Drieka hakuuliza hata habari zake.

Waliketi kwenye ukingo wa pikapu, miguu inaning'inia, upepo unapita kwenye mahindi makavu. Hakuna aliyekuwa na haraka ya kwenda popote. Fanie aliushika mkono wa kulia wa mkewe, akaanza na gumba, akalibonyeza, akaenda kwenye kidole cha shahada, akakizungusha polepole, akaenda kwenye kinachofuata.

"Unatafuta nini?" Drieka akamuuliza.

"Naangalia kama vipo."

"Vipo vyote, Fanie."

"Ngoja kwanza," akasema, na akaanza upya na gumba.